Kdenlive 25.04 kwa sisi tunaohariri harusi za akina mama

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, upande wa akina mama. Hapa Tanga harusi ya Kiislamu ina pande mbili zisizochanganyika: wanaume wana nikahi yao, wanawake wana singo (kumsugua bi harusi mwili), hina, kesha na kumtoa bi harusi. Huko ndani mitandio imevuliwa, khanga za sare zimefungwa viunoni, na watu wazima wanacheza kama walivyocheza usichanani mwao. Mpiga video wa kiume hakanyagi. Naingia mimi na kamera, na mdogo wangu ananisaidia na simu mbili.

Kabla sijawasha kamera, mama mwenye shughuli hunishika mkono akaninong'oneza. Maneno hutofautiana, ila yaliyonikaa ni ya mama mmoja wa Makorora: "Mwanangu, humu ndani tuko wenyewe. Hizi picha zisije zikafika barabarani." Nikamjibu, "Hazifiki, mama. Nahariri mwenyewe, kwenye mashine yangu, nyumbani."

Ahadi ile ndiyo inayonichagulia programu. Zipo programu nyingi nzuri siku hizi zinazoandika manukuu na kufuta mandhari kwa kupeleka video yako kwenye kompyuta za watu wengine mtandaoni. Kwa kazi ya harusi ya mchana ufukweni, sawa. Kwa kesha la akina mama sipeleki hata sekunde moja. Ndiyo maana nimeng'ang'ania Kdenlive, programu huria na ya bure ya kuhariri video, iliyoanza mwaka 2002 na sasa iko chini ya jumuiya ya KDE. Inaendeshwa kwenye Linux, Windows na Mac, na kila inachofanya inakifanyia ndani ya mashine yako.

Nilikaa na toleo la 21.12 zaidi ya miaka mitatu kwa sababu lilikuwa limetulia. Nilipohamia 25.04 nilikuta mambo mengi yamebadilika kwa mkupuo, na wenzangu wawili wanaofanya kazi hii Muheza na Pangani wakaniomba niwaandikie. Namba zenyewe ni rahisi kusoma: mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni mwezi. Kwa hiyo 25.04 ni toleo la Aprili 2025.

Laptopu yangu ni ya mtumba: Core i5, RAM gigabaiti 8, haina kadi ya picha ya pembeni. Ninayoyaeleza hapa nimeyafanya juu ya mashine hiyo, kwa hiyo mwenye nzuri zaidi atakwenda mbio kunizidi.

Usifungue kazi ya zamani kabla hujasoma hapa

Kuanzia toleo la 23.04 faili la mradi limebadilika umbo. Ukifungua mradi wa zamani kwenye toleo jipya, programu inaugeuza kuwa wa kisasa na kukuwekea nakala ya ule wa awali pembeni. Ukishauhifadhi hivyo, toleo la zamani haliwezi tena kuufungua. Hakuna njia ya kurudi nyuma isipokuwa ile nakala.

Nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa na send-off iliyobaki robo kumalizika, nikaifungua kwenye toleo jipya, nikafanya kazi usiku kucha, kisha nikaipeleka kwa mwenzangu mwenye mashine kubwa ili airende, yaani aitoe kuwa video kamili. Yeye alikuwa bado na toleo la zamani. Mradi ukagoma. Ikabidi nirudi nyumbani niurende kwenye laptopu yangu saa tisa nzima, huku nikiomba umeme usikatike.

Kwa hiyo fanya hivi. Kazi zilizokwisha kuanzwa zimalizie kwenye toleo ulilozianzia. Kwenye Windows, mbali na faili la kusakinisha, kuna toleo linalokaa ndani ya folda yake bila kusakinishwa. Kwenye Linux kuna AppImage, faili moja linaloendeshwa bila kusakinishwa. Chukua moja ya hizo, iweke kwenye folda uliyoipa jina la namba ya toleo, na utakuwa na la zamani na jipya kwenye mashine moja bila kugombana. Kama ni lazima uhamishe mradi, nakili kwanza faili la mradi kwa mkono, ulipe jina lingine, ndipo ufungue hiyo nakala. Baada ya kufungua pitia maandishi yote ya majina na kila mahali ulipounganisha picha mbili. Hapo ndipo mimi nilikuta tofauti ndogondogo.

Klipu za simu na proksi

Hili si jipya, ila bila hili hayo mapya hutayafikia kwenye mashine kama yangu, kwa hiyo napita haraka.

Fungua "Project Settings", nenda kwenye "Proxy", washa. Programu itatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu kubwa, utahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kurenda itarudi kwenye klipu halisi yenyewe. Klipu yenye proksi utaiona ina herufi P kwenye picha yake ndogo. Nazitupia klipu zote jioni, nalala, asubuhi zimeiva.

Simu ni jambo lingine. Simu nyingi hurekodi kwa kasi isiyo sawa: mara fremu 30 kwa sekunde, mara 27, kutegemea mwanga. Ukiitumia hivyo hivyo, kufikia dakika ya ishirini mdomo wa mwimbaji na sauti yake vimeachana. Toleo jipya linakugundulia klipu ya namna hiyo unapoiingiza na kukuuliza kama ligeuze iwe rahisi kuhariri. Kubali. Klipu itakua mara kadhaa kwa ukubwa, hivyo hakikisha diski ya nje ina nafasi. Na likikuuliza kama ubadilishe mpangilio wa mradi mzima ulingane na klipu ya kwanza uliyoiingiza, kataa ikiwa klipu hiyo ni ya simu. Mimi mradi wangu ni 1080p, fremu 25, siku zote.

Mifuatano: jambo kubwa kuliko yote

Nikiulizwa jambo moja tu la kukufanya uhame toleo, ni hili. Kwenye skrini linaitwa "Sequence". Mimi naliita mfuatano. Liliingia kwenye 23.04.

Zamani mradi ulikuwa na taimulaini moja, yaani mstari mmoja wa kupangia klipu. Harusi ya siku tatu, kamera tatu, ilikuwa inalala yote kwenye kamba moja ndefu ya saa nne. Ukitaka kurekebisha singo unavuta kamba hadi mwanzo. Ukitaka kesha unavuta hadi katikati. Ukikata kitu mahali pamoja, kila kilicho mbele kinasogea, na siku nyingine kinasogea vibaya.

Sasa unaweza kuwa na taimulaini nyingi ndani ya mradi mmoja, na kila moja unaweza kuiingiza ndani ya nyingine kama klipu ya kawaida. Mfano wangu wa kazi moja ni huu: mfuatano wa singo, wa hina, wa kesha, wa kumtoa bi harusi, halafu mmoja mkuu ambao ndani yake nimeipanga hiyo minne tu. Mfuatano mkuu una vipande vinne. Nikiutazama naiona harusi nzima kwa jicho moja.

Kuuanzisha, nenda kwenye eneo la klipu za mradi, fungua menyu ya kuongeza klipu, chagua "Add Sequence", uupe jina. Utaukuta ndani ya folda yake pamoja na mingine, na juu ya taimulaini utaona kichupo kipya, kama vichupo vya kivinjari. Ukikifunga kichupo usishtuke: mfuatano haujafutika, upo kwenye folda, bofya mara mbili utafunguka tena. Ukiwa tayari na taimulaini ndefu ya zamani, chagua klipu za sehemu moja, bofya kulia, utaona chaguo la kuzigeuza kuwa mfuatano. Hivyo ndivyo nilivyozipasua kazi zangu za zamani nilizokuwa nimezihifadhi kwa nakala.

Mambo matatu ambayo hakuna aliyeniambia:

Mfuatano wa ndani ukiurefusha, kile kipande chake kwenye mfuatano mkuu hakijivuti chenyewe. Niliongeza wimbo mmoja mwisho wa kesha, nikarenda, wimbo haumo. Rudi kwenye mkuu, shika ncha ya kipande, ivute.

Mifuatano yote inashiriki mpangilio mmoja wa mradi. Huwezi kuwa na mmoja wa kusimama na mwingine wa kulala kwa vipimo vyake. Nitasema chini namna ya kupata video ya kusimama.

Na la tatu, linalonihusu mimi hasa: mfuatano ni mahali pazuri pa kutenga cha ndani na cha nje. Katika kila harusi natengeneza mifuatano mikuu miwili. Mmoja una kila kitu, wa mama na binti yake. Wa pili una yale tu ambayo hata mjomba akiyaona hakuna tatizo: bi harusi amejifunika, sinia za zawadi, watoto, mikono yenye hina na piko, chakula. Vipande ni vilevile, nimechagua tu. Nikirekebisha rangi ya hina ndani ya mfuatano wake, imerekebishika kote kuwili. Zamani kazi hiyo ilikuwa miradi miwili, na kila marekebisho nilikuwa nayafanya mara mbili.

Kupatanisha sauti za kamera tatu

Hapa 25.04 imenifurahisha. Mchoro wa mawimbi ya sauti sasa unachorwa kwa kasi kubwa kuliko zamani na una usahihi zaidi. Kwenye shughuli za akina mama tuna zawadi ambayo wahariri wengine hawana: vigelegele. Kigelegele kinaonekana kwenye mchoro kama mlima uliochongoka, na kila kamera imekinasa. Zamani nilikuwa nasubiri mchoro utokee. Sasa naweka klipu tatu, naona milima mitatu, naisogeza ikae sambamba.

Ukitaka programu ifanye yenyewe, bofya kulia klipu yenye sauti nzuri, iweke kuwa rejea ya sauti, kisha bofya kulia zile nyingine uzielekeze zijipange kwayo. Hufanya vizuri kwenye ngoma na hotuba. Kwenye taarabu yenye spika kubwa na mwangwi wa turubai hukosea, na hapo narudi kwenye vigelegele.

Manukuu ya Kiswahili bila kutoka nje ya mashine

Usiku wa kesha kuna wakati ngoma inasimama na somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, anazungumza. Anamuusia. Huzungumza taratibu, sauti ya chini, kuna feni, kuna mtoto analia. Akina mama wengi hupenda maneno yale yaandikwe chini, kwa sababu miaka kumi baadaye huyo somo huenda hayupo.

Zamani niliandika kwa mkono, sentensi moja moja. Dakika kumi na tano za wasia zilinila siku nzima. Sasa Kdenlive inatumia Whisper, modeli ya kutambua usemi ambayo OpenAI waliitoa wazi mwaka 2022. Ingawa imetengenezwa na kampuni ya nje, ukishaipakua inafanya kazi ndani ya laptopu yako. Mimi huzima Wi-Fi kabisa, na inaendelea.

Maandalizi yanahitaji uvumilivu. Kwenye Windows sakinisha kwanza Python, lugha ya kompyuta ambayo Whisper inaitegemea, na wakati wa kusakinisha weka tiki kwenye kisanduku cha kuiongeza kwenye PATH, orodha ya mahali kompyuta inapotafutia programu. Ukisahau tiki hiyo Kdenlive haitaiona. Usikimbilie Python iliyotoka wiki hii, kwa kuwa vifurushi vya Whisper huchelewa kuifikia. Kisha fungua Kdenlive, menyu ya "Settings", halafu "Configure Kdenlive", tafuta sehemu ya "Speech to Text", chagua Whisper, ruhusu isakinishe. Andaa bando la gigabaiti kadhaa, na fanya usiku.

Halafu chagua ukubwa wa modeli. Zipo kuanzia ndogo kabisa, "tiny", hadi "large". Kwa Kiingereza hata ndogo hutosha. Kwa Kiswahili usijisumbue na mbili za chini: huandika maneno yanayofanana na Kiswahili lakini hayana maana. Kwenye mashine yangu natumia "small" nikiwa na haraka, na "medium" nikiwa na usiku mzima. "Medium" inazidi gigabaiti moja kupakua, na RAM ya 8 inaimeza kwa shida, hivyo funga kivinjari na kila kitu kingine. Kwenye lugha, usiache ijitafutie. Chagua Swahili mwenyewe, la sivyo ikisikia dua ya Kiarabu mwanzoni itaendelea kuandika Kiarabu hadi mwisho.

Kwenye taimulaini weka alama ya mwanzo na mwisho wa eneo la wasia, kisha nenda "Project", "Subtitles", "Speech Recognition", na uchague eneo hilo tu. Usiipe saa nzima yenye muziki. Whisper ikikosa usemi hubuni: hurudia neno moja mara ishirini au kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeitamka. Kwenye wasia wa mtu, sentensi ya kubuni ni jambo zito. Somo akiwa amesema "mvumilie" na manukuu yakaandika "mwambie", umebadilisha wasia.

Kwa hiyo baada ya mashine kumaliza nakaa na sikio. Majina ya watu hukosewa karibu yote. Maneno ya pwani kama singo, somo, mashauzi, kujitanda, hukosewa. Na bibi akichanganya Kidigo au Kibondei, mashine haina msaada. Ninampigia mtu wa nyumba ile aje tukae tuandike pamoja. Hata hivyo siku nzima imekuwa saa mbili.

Kuna paneli nyingine inaitwa "Speech Editor", kwenye menyu ya "View". Unachagua klipu, inakuandikia maneno yake yote kama ukurasa wa kitabu, na unahariri video kwa kuchagua maneno. Unapaka sentensi unayoitaka, unaiingiza kwenye taimulaini, na picha inakuja nayo. Pia hukuonyesha mahali pasipo na usemi na kukuwezesha kupaondoa. Kwa risala ndefu za kamati ni nafuu kubwa. Kwa wasia wa somo sipaondoi: akinyamaza, anyamaze na kwenye video.

Kuanzia 24.12 manukuu yamepata mitindo. Zamani manukuu yote yalilazimika kufanana. Sasa kuna kidhibiti cha mitindo na unaweza kuwa na tabaka zaidi ya moja. Maneno ya somo nayaweka meupe yenye ukingo mweusi, majibu ya bi harusi ya manjano. Epuka herufi nyembamba zenye mikia. Kwenye TV ya sebuleni hazisomeki.

Tafsiri nayo ipo, tangu 24.05, kwa modeli ya kampuni ya Meta iitwayo SeamlessM4T ambayo Kiswahili inakijua. Niliitumia mara moja, kwa familia yenye wajukuu Muscat wasiosoma Kiswahili vizuri. Ilitoa rasimu ya Kiarabu, mwalimu wa madrasa wa kike akakaa nami kuisahihisha jioni mbili, na flashi ikasafiri ndani ya mkoba wa shangazi yao.

Kumficha asiyetaka kuonekana

Kila harusi kuna mmoja. Alikuja akacheza, akafurahi, kesho yake asubuhi anapiga simu: "Dada, ile sehemu yangu naomba unitoe." Ana haki. Ukiweza kumkata, mkate. Tabu ni pale aliposimama nyuma ya bi harusi wakati wa kupambwa, na hakuna kamera nyingine iliyonasa wakati ule.

Njia nyepesi ni efekti iitwayo "Motion Tracker". Nenda mahali anapotokea, kata klipu kwa Shift+R, nenda anapotoweka, kata tena, ili ufanye kazi na kipande kifupi. Tupia efekti. Kwenye skrini ya kutazamia utaona mstatili. Uweke juu ya uso wake kwenye fremu ya kwanza, uache nafasi kidogo pembeni. Chagua namna ya kufuatilia: KCF ni ya haraka, CSRT ni ya polepole lakini inashika vizuri zaidi, nami huanza na CSRT. Bonyeza "Analyse" usubiri. Ikimaliza chagua aina ya kuficha. Zipo za kutia ukungu, ya vigae, na ya kuziba kwa rangi. Ukungu mwepesi haumfichi mtu; waliomzoea watamjua kwa nywele na mkao. Weka vigae vikubwa au ziba kabisa.

Mtu akipita mbele yake, mstatili utamfuata huyo mpitaji. Usipoteze muda kuubembeleza. Kata klipu pale pale, futa ufuatiliaji wa kipande cha pili, anza upya.

Njia ya pili ndiyo mpya ya 25.04, na inafaa pale mtu mzima anapohitaji kufichwa, uso, nywele na nguo. Inatumia SAM2, modeli nyingine iliyotolewa wazi na Meta, nayo pia inakaa ndani ya mashine. Unaisakinisha kutoka kwenye sehemu ya programu jalizi katika mipangilio, bando tena. Kisha unachagua kipande cha klipu, unabofya juu ya mtu, na programu inachora umbo lake. Ukiona imechukua na pazia, unaiwekea nukta ya kukataa hapo. Ikikubalika, inamfuata fremu kwa fremu na kutengeneza maski, yaani umbo linalomtenga na sehemu nyingine ya picha.

Maski hiyo wengi huitumia kufuta mandhari. Ukitaka kumficha mtu peke yake, panga efekti tatu kwa utaratibu: ya kwanza inayoanzisha maski, katikati ukungu mzito, ya mwisho "Mask Apply". Fikiria sambusa: unga, nyama, unga. Kilicho katikati ndicho kinachobaki ndani ya umbo. Ukikosea utaratibu, ukungu utaenea skrini nzima.

Kwa laptopu isiyo na kadi ya picha ni kazi ya kusubiri sana. Klipu ya sekunde kumi na mbili ilinichukua zaidi ya dakika arobaini. Naitumia mara chache, kwa mtu aliyehitaji kweli.

Ukishamficha, tazama video yote kwa skrini kamili, na mkazie macho kioo. Chumba cha bi harusi kina kioo cha kabati na kioo cha kupambia. Nimewahi kumziba mtu vizuri kabisa huku sura yake ikining'inia kwenye kioo cha nyuma. Bahati niliiona kabla ya kukabidhi.

Mawili madogo yenye faida

Ukikusanya klipu kuwa kundi kwa Ctrl+G, kuanzia 24.05 efekti unayoitia inaweza kuingia klipu zote za kundi kwa pamoja. Taa za njano za kwenye turubai hunitesa kila wiki. Sasa natibu klipu hamsini kwa mpigo.

Na kuhusu video ya kusimama: tangu 24.02, kwenye dirisha la kurenda unaweza kuchagua umbo la video itakayotoka, la kulala, la kusimama au la mraba, kutoka mradi huo huo. Programu inakata pembeni na kubakiza katikati, kwa hiyo picha iwe imepangwa katikati tangu mwanzo. Hiyo naitumia kwa ule mfuatano wa nje tu, kipande kifupi cha kuweka kwenye status, baada ya mama kukiona na kukubali.

Siku ya kukabidhi

Renda kwa MP4 ya H.264, TV na simu karibu zote zinaisoma. Hakikisha kisanduku cha kurenda kwa proksi hakina tiki, maana wapo waliokabidhi video yenye ukungu wakadhani kamera imeharibika.

Kisha lipo jambo ambalo wahariri wengi hawalijui. Ukifuta klipu za mteja kwenye diski, harusi bado imo kwenye laptopu yako. Proksi ni video kamili, zinaonekana, na zimekaa kwenye hifadhi ya muda ya Kdenlive pamoja na picha ndogo za kila klipu. Anayeiazima laptopu, au fundi unayempelekea, anaweza kuzikuta. Kwa hiyo kazi ikikamilika tumia kwanza "Archive Project", ikusanye mradi na klipu zake zote kwenye folda moja ya diski ya nje ya mteja. Fungua hiyo nakala uone kama inacheza. Halafu rudi "Project Settings", kichupo cha "Cache Data", ufute proksi, picha ndogo na mawimbi ya sauti. Funga programu, futa klipu, safisha na pipa la taka.

Yule mama wa Makorora nilimfanyia hatua hizi akiwa ameketi kando yangu, kikombe cha chai mkononi. Alinitaka nimwonyeshe folda ikiwa tupu. Nikaifungua, akaitazama, akasema, "Haya, sasa nipe flashi yangu."